Mayai Kwenye Uchaga wa Mama Mkwe

Kopo halikuwepo chini ya kitanda. Notburga alipapasa mpaka ukutani, akagusa duara la unyevu lililobaki sakafuni.

Alikuwa mtu wa ziwani, kutoka Liuli, aliyeolewa huku juu Matiri. Mwaka ule makampuni ya watu binafsi yalikuwa yameanza kununua kahawa, na mumewe Placidi alizunguka na magari ya wanunuzi, nyumbani akionekana mara moja moja. Walibaki wanawake wawili, yeye na mama mkwe wake, Walburga. Huyu na Kinyasa chake, yule na Kimatengo chake, walikutana kwenye Kiswahili. Mazungumzo ya shamba yakiisha kilibaki kimya, na ndani ya kimya hicho Notburga alikuwa na wadudu wake.

Walikuwa wale wadudu wembamba wanaofanana na vijiti. Utaapa tawi ni tupu, mpaka kijiti kimoja kinyanyue mguu. Aliwatoa kwenye mpera wa baba yake, akawafuga chumbani ndani ya kapu lililofunikwa kitenge. Placidi alicheka, kisha akamwonya kwamba mama asiwaone. Mtu aliyepigana na wadudu wa kahawa maisha yake yote, na dawa siku hizi bei haishikiki, hataulizia jina la mdudu. Atachoma.

Baridi ya Juni ikamtangulia mama. Wadudu walikufa wote, wakaacha mayai madogo ya kahawia, kila moja na kifuniko chake, kama mbegu ambayo hukumbuki uliiona wapi. Notburga aliyaweka kwenye kopo juu ya mchanga, akawa anayanyunyizia maji kwa ncha za vidole. Yakikauka, mtoto hufia ndani. Yakilowa sana, huota ukungu.

Alikwenda jikoni. Mama mkwe alikuwa amekoka moto wa magogo ya mkaratusi, akiwapikia wachumaji maharage. Notburga akauliza kwa upole nani alifagia chumbani.

"Nimefagia mimi," Walburga alisema. "Nyie watu wa ziwani kukausha dagaa mnajua, mbegu hamjui. Unaziacha kwenye mchanga mbichi zioze? Nimezimwaga, nimezipepeta, nikazirudisha kwenye kopo bila mchanga, ziko juu huko."

Juu huko ni uchaga wa juu ya mafiga, penye mahindi ya mbegu na vibuyu vya maharage, vyote vyeusi kwa moshi unaofukuza fukusi. Uchaga ule mkwe haugusi. Hata Placidi huomba kwanza.

Notburga alichukua mwiko, akakoroga, akavuta gogo moja nje kama mtu anayeogopa maharage yasije yakaungua. Walburga akalisukuma ndani kwa mguu. Moshi ukapanda mzito. Akinyamaza, moshi utamaliza kazi. Akisema, moto uko hapo hapo, umbali wa mkono. Akalivuta tena lile gogo, na safari hii mama mkwe akamtazama usoni.

"Mama, zile si mbegu. Ni mayai ya wadudu."

Walburga alitazama juu, kwenye mbegu zake za msimu ujao, na midomo yake ikakaza. Akauliza wanakula nini. Majani ya mpera, Notburga alijibu. Na kahawa? Hapo angeweza kudanganya.

"Kahawa sijui, Mama. Sijawahi kuwapa."

"Sasa unawafugia nini?"

"Wametoka kwetu."

Mama mkwe alivuta kigoda, akapanda, akalishusha kopo. Alilishika juu ya moto muda mrefu kuliko alivyohitaji. Mwisho akampa, akisema wakila jani moja la kahawa atawachoma yeye mwenyewe.

Notburga alirudisha mayai kwenye mchanga, akayanyunyizia, asijue kama anatunza uhai au makaburi. Wiki zikapita. Kila asubuhi Walburga aliuliza, kwa kejeli, kama mbegu za ziwani zimeota. Mayai mengine yalibonyea. Baadaye akaacha kuuliza, na hilo lilimuumiza Notburga zaidi.

Kisha siku moja aliitwa chumbani kwake mwenyewe. Mama mkwe alikuwa amechutama juu ya kopo.

"Kimoja kinatoka. Mguu umekwama."

Mtoto, mwembamba kama uzi, alikuwa akiburura ganda kavu. Walburga alichovya unyasi majini, akadondosha tone kwenye ganda. Wakangoja. Mdudu alivuta, akatulia, akavuta tena, na mguu ukabaki ndani ya ganda. Alitoka na miguu mitano.

Walburga alichomoa jani la kahawa alilokuwa amelificha kwenye kanga, akaliweka mbele yake. Notburga aliziba mdomo kwa kiganja. Mdudu alilipanda jani lile akiyumba, akasimama pembeni, akapapasa hewa. Kisha akashukia upande wa pili, akalifikia jani la mpera lililokuwa kando, akaanza kulitafuna ukingoni.

"Mshamba wa ziwani," Walburga alisema, akanyunyizia maji mayai yaliyobaki.