Sahihi ya Hudson Mwakisha

Hudson Mwakisha wa Bura, kule milimani, alikuwa na shingo ngumu, na hata mamake, Mkamburi, alikiri kwamba ugumu huo hakuupata shuleni. Alijifunza ufundi wa simu za reli pale Voi, kisha mwaka 1974 akaajiriwa fundi wa rada kwenye kambi moja ya manowari pwani. Wenzake walimcheka. Mtu wa milimani ataijulia wapi bahari?

Rada mpya ililetwa na mhandisi wa ng'ambo, Alexander. Kwenye bahari kuu iliona vizuri. Karibu na miamba, mawimbi yaliijaza skrini madoa meupe, naye Alexander akaipunguza nguvu hadi madoa yakafutika. Mashua ndogo za mbao nazo zikafutika. Hudson akaambiwa atie sahihi kwamba rada iko sawa. Akakataa.

Kwa wiki sita alichora na kuunda saketi yake ya umeme ya kuyachuja madoa. Kwao Bura, mlinda shamba hamtafuti nyani kwa kuangalia majani yanayotikisika, maana upepo huyatikisa yote. Huangalia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Cha upepo huja na kupotea. Nyani bado yupo. Saketi ya Hudson ililinganisha mizunguko mitatu ya antena, ikabakiza kwenye skrini kile tu kilichoonekana mara zote.

Alexander alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa: akausifu mchoro, kisha akasema hauhitajiki. Hudson alipozidi kukataa, kamanda wa kambi akapandwa na hasira. Atie sahihi, ama arudi Bura akapande kabichi.

"Kabichi si tusi, afande," Hudson akamjibu. "Lakini huyu bwana apande mashua ya mbao, nanyi mje na meli mkifuata rada yake peke yake."

Alexander akainamisha macho.

"Basi fungeni saketi yangu kwenye rada," Hudson akasema. "Nitapanda mimi."

Ukaidi huo unastahili sifa, aseme asemaye. Kesho yake asubuhi madirisha ya meli yakazibwa kwa turubai, na kamanda mwenyewe akakaa mbele ya skrini. Hudson alingoja ndani ya mashua ya mbao katikati ya mkondo, karibu na miamba, makasia mapajani. Meli ikamjia moja kwa moja, ikawa kubwa kama ukuta wa kanisa. Zilipobaki mita mia mbili, ikapinda. Wimbi lake likamlowesha chepechepe.

Alipopandishwa melini, kamanda alimuuliza kwa sauti ya chini kama hakuogopa.

"Niliogopa jana, afande," akasema. "Mlipotaka nitie sahihi."