Bitana ya Gauni la Dancille

Hadi Novemba ya mwaka 1999, wasichana ishirini na sita wa Kamembe na Bukavu, miji miwili inayotenganishwa na mto wa mpakani, walikuwa wameolewa ndani ya gauni moja. Lilikuwa la Dancille Umurerwa, mjane aliyeishi kwa kufua nguo za watu, katika nyumba ya vyumba viwili kwenye mteremko unaotazama Ziwa Kivu. Gauni lilikuwa la atlasi nyeupe, mikono mirefu, na ndani lilikuwa na bitana ya pamba iliyoshonwa kwa mkono. Bitana hiyo aliishona dada yake, Dusabe, mwaka ambao Dancille mwenyewe aliolewa, ili atlasi isimkwaruze bibi harusi.

Mwaka wa tisini na nne, mwaka wa mauaji, ulimchukua mume wake, ukamchukua Dusabe, ukaichukua nyumba na kila kilichokuwamo. Gauni lilibaki kwa sababu halikuwamo. Lilikuwa ng'ambo ya mto, Bukavu, kwa binamu aliyeliazima na kuchelewa kulirudisha. Tangu hapo Dancille hakumnyima mtu gauni lile.

"Nilivyovifungia ndani vimekwenda," alikuwa akisema. "Nilichomwazima mtu ndicho kimerudi."

Walioolewa nalo walimpa walichoweza, sabuni au maharage. Sharti lilikuwa moja: usilifue. Lirudishe na jasho lako.

Sharti hilo liliwaudhi watu. Huku kwetu mtu harudishi sufuria ya jirani ikiwa chafu, wala kikapu chake kikiwa kitupu. Kurudisha nguo ya mwenyewe ikiwa na jasho ni kama kusema hukulelewa. Lakini Dancille hakuwa na njia nyingine. Mvua ya Kamembe ikianza Septemba hunyesha kama mtu aliyesahau namna ya kunyamaza. Nje, ua wa miti ya miyenzi hudondosha utomvu unaoacha doa lisilotoka, na nguo nyeupe iliyosahauliwa uani jioni, asubuhi huenda usiikute. Kwa hiyo gauni lilikauka ndani, na nguo inayokauka ndani inataka mtu wa kukaa nayo.

Dancille alikaa nayo. Alisuuza mara tatu, maji ya mwisho yakiwa na ndimu, kwa sababu sabuni iliyobaki ndani ya uzi ndiyo ya kwanza kuoza. Hakukamua kwa kusokota. Alilaza gauni juu ya taulo kavu, akavikunja pamoja kama chapati, akakandamiza kwa magoti, akabadilisha taulo, akakandamiza tena. Kisha alilitundika katikati ya chumba, mbali na ukuta, na ndani ya sketi akatia pete tatu za mianzi ili kitambaa kisiguse kitambaa. Madirisha mawili yanayotazamana aliyaacha wazi hata mvua ikinyesha, maadamu haikuingia. Mbabula, jiko lake dogo la makaa, aliiwasha nje, akangoja moshi uishe ndipo akaiingiza na kuiweka pembeni. Siku hiyo hakupika ndani, hata chai. Kila baada ya muda aligeuza pete.

Na mwisho kabisa hakuamini mkono. Mkono wa mfuaji, alisema, umezoea maji, haujui tena kusema kweli. Aliushika mshono wa kwapani, mahali palipo pazito kuliko pote, akauweka juu ya mdomo wake wa juu. Ukihisi baridi, bado kuna maji. Hapo anangoja.

Wiki moja ya Novemba hiyo gauni lilikuwa Bukavu kwa Eugénie, mama mchangamfu anayevusha vitambaa mpakani, aliyeliazima kwa ajili ya arusi ya mpwa wake. Lilitakiwa kurudi Jumatatu. Lilirudi Alhamisi mchana, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo mawili.

"Maman Dancille, unisamehe!" Eugénie alisema kutoka mlangoni, mvua ikimtiririka. "Siku tatu bamefunga daraja. Kila asubuhi niko pale Rusizi na kifuko yangu, basoda ba mupaka banasema rudi, rudi, mpaka batoto bangu bakaniuliza kama nimepata kazi ya kulinda mto."

Dancille hakucheka. Alikuwa anautazama mfuko.

"Umelifua?"

"Sasa nirudishe nguo ya muntu na jasho? Mimi sikuzaliwa porini, Maman. Nimelifua Jumapili, vizuri kabisa, nikalikunja."

"Lilikuwa limekauka?"

"Karibu," alisema Eugénie.

Dancille alifungua mafundo. Harufu ilitoka kwanza, nzito, kama ya chini ya mkeka ulioloa. Eugénie aliinusa naye, akajishika kinywa.

"Ee Yesu. Siku zote zile sikufungua, ju nilisema wakifungua daraja nikimbie mbio."

"Najua," Dancille alisema. "Ulitaka kunifanyia vizuri."

Hakuwa na hasira. Alikuwa na hesabu ya siku. Jumamosi saa nne asubuhi gauni lilikuwa na bibi harusi, na Jumapili yake Majilio yanaanza, na wakati wa Majilio paroko hafungishi ndoa. Bwana harusi, Habumugisha, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha saruji huko Bugarama, na ruhusa yake kazini ilikuwa ya siku zile tu.

Lakini si hayo yaliyomkaa Dancille moyoni. Alimfikiria bibi harusi.

Uwayezu alikuwa na miaka ishirini. Miwili kati ya hiyo aliishi kambini ng'ambo, chini ya zile karatasi za plastiki za wakimbizi zinazoitwa shitingi. Wazazi wake walikimbilia huko mwaka ule ule wa tisini na nne. Mama yake alifia kambini. Baba hakurudi, na hakuna aliyeuliza kwa sauti alikuwa amefanya nini kabla ya kukimbia. Dancille naye hakuuliza. Siku Uwayezu alipokuja kuomba gauni, wawili hao walitazamana mlangoni kwa muda, kila mmoja akijua mwenzake ni mtoto wa upande gani, ni mjane wa upande gani. Kisha msichana akasema huku ameinamisha macho:

"Maman, kule kila kitu chetu kilinuka shitingi. Nguo, nywele, hata ugali. Nimerudi miaka mitatu sasa, na bado nikiloa naisikia kwangu. Nataka siku moja tu nisinuke shitingi."

Dancille alikuwa amemwambia aingie.

Sasa alichemsha maji. Alifua gauni upya kwa maji ya moto na ndimu sita, akasuuza mara nne badala ya tatu, akalitundika na pete zake. Mvua haikukoma. Alhamisi ikapita. Ijumaa saa sita mchana atlasi ilikuwa kavu, lakini mshono wa kwapani juu ya mdomo wake ulikuwa baridi kama kikombe cha maji. Na Uwayezu alikuwa anakuja saa nane kulijaribu.

Ndipo alipokwenda kwa jirani yake Nasiba, mwanamke Mwislamu aliyezaliwa Bugarama, ambaye nguo zake za Idi zilinukia hadi barabarani. Nasiba hufukiza nguo zake. Huweka chetezo chenye ubani chini ya kikapu, na nguo juu ya kikapu.

"Chetezo nitakupa, dada," Nasiba alisema. "Ubani pia nitakupa. Lakini ubani ni wa nguo kavu. Imekauka?"

"Karibu," alisema Dancille.

Alilisikia neno likitoka kinywani mwake. Alichukua chetezo hata hivyo.

Saa nane Uwayezu alipoingia, chumba kizima kilinukia. Alisimama akapumua kwa kina, akacheka, na Dancille hakuwa amewahi kumwona akicheka. Alivaa gauni. Lilimkaa kana kwamba lilikatiwa juu yake. Alizunguka. Alinyoosha mikono kumwonyesha Dancille jinsi atakavyoinua shela. Alicheza hatua mbili za wanawali, akajikwaa kwenye pete za mianzi zilizokuwa chini, akacheka tena.

Kisha mwili wake ukapata joto, na joto likafika kwenye bitana.

Dancille aliona kabla hajanusa. Mikono ya msichana ilishuka taratibu ikabana mbavuni. Uso ulikaa vilevile, ila macho yalikwenda mbali, ng'ambo, mahali ambapo Dancille hakuwahi kufika. Ubani ulikuwa bado pale. Chini yake, polepole, kama maji yanayopanda chini ya mlango, ulikuwa uvundo.

"Hakuna shida, Maman," Uwayezu alisema. "Liko muzuri. Aksanti sana."

Kama angelia, au angelalamika, ingekuwa nafuu. Alilivua kwa uangalifu, akamkabidhi kwa mikono miwili, akaaga kwa heshima. Dancille alimwona akiteremka kwenye matope akijinusa begani.

Alirudi ndani, akaligeuza gauni nje ndani, akalipeleka dirishani. Kwapani na kiunoni, pamba ya bitana ilikuwa na madoa madogo ya kijivu, kama pilipili manga iliyomwagika. Ndimu haikuyafikia. Pamba ilikuwa imekunywa maji siku tano ndani ya nailoni, na kwa mvua hii haitakuwa imekauka kufikia kesho, hata akiigeuza usiku kucha. Atlasi peke yake ilikuwa safi. Bitana ndiyo iliyonuka.

Mshono wa Dusabe ulikuwa mdogo na wa karibu karibu, ila kila baada ya shubiri moja uliruka kidogo, maana alikuwa akizungumza huku anashona, na alipofika kwenye maneno ya kuchekesha sindano ilimponyoka. Dancille aliujua kila mruko. Hakuwa na picha ya dada yake.

Alichukua wembe.

Alianzia kwapani kwa sababu pale ndipo palipokuwa pabaya zaidi, na kwa sababu alijua kwamba akianzia chini atapata nafasi ya kubadili nia. Nyuzi zilitoka moja moja. Aliziweka ndani ya kisahani, hakutupa hata moja. Nasiba aliyekuja kufuata chetezo chake alimkuta amefika kiunoni, akaketi sakafuni bila kuuliza, akalishika gauni lisiteleze.

"Bila bitana litaonyesha mwili," Nasiba alisema. "Kanisani huko. Padri atafumba macho."

"Atavaa kitu ndani."

"Kitu gani?"

Mlango uligongwa. Ni Eugénie, aliyekuwa amelala kwa shangazi yake Kamembe kwa aibu ya kurudi nyumbani kabla ya kujua mwisho wa jambo. Alitazama bitana sakafuni, akatazama gauni, akaelewa. Aligeukia ukutani, akapapasa chini ya vitenge vyake, akatoa gagulo jeupe la kutoka Bujumbura, lenye kamba za mabegani na marinda.

"Hii iko kavu," alisema. "Hii minakuapia, Maman, si karibu. Nimeivaa tangu asubuhi."

Nasiba alicheka hadi wembe ukamponyoka Dancille. Walilifua gagulo hapo hapo, na kwa kuwa lilikuwa jepesi, jioni lilikuwa limekauka juu ya pete za mianzi, atlasi ikining'inia kando yake. Kabla jua halijazama Dancille aliweka mshono wa kwapani juu ya mdomo wake. Ulikuwa wa uvuguvugu, kama mdomo wenyewe.

Jumamosi asubuhi Uwayezu hakuvaa mara moja. Aliliinua gauni, akalisogeza usoni, akanusa kwapani, mahali pale pale, kwa muda mrefu. Kisha akavaa.

Kanisa lilijaa. Watu walikuwa na miavuli iliyoloa na madirisha yalikuwa yamefungwa. Dancille alikaa benchi la pili, nyuma ya bibi harusi, na katika misa nzima hakusikia neno moja la paroko. Alikuwa ananusa. Joto lilipanda, jasho likatokea shingoni mwa msichana, na Dancille akangoja. Ilikuja harufu ya mishumaa. Ilikuja harufu ya makoti ya watu. Kutoka kwa gauni haikuja kitu. Uwayezu alipoambiwa ainue mkono wa pete, aliuinua juu kuliko ilivyohitajika.

Jumatatu alilirudisha. Hakulifua, lilikuwa na jasho lake, na mfuko alikuwa ameuacha wazi. Pamoja nalo alileta kikapu cha ndimu.

Mvua ilikuwa imepumzika siku hiyo. Bitana, iliyofuliwa na kuchemshwa, ilikuwa imeanikwa uani juu ya kamba, mbali na miyenzi, na jua lilikuwa linaipiga. Madoa yalibaki, lakini yalikuwa mepesi.

"Ile ni nini, Maman?"

"Ni ya ndani ya gauni. Dada yangu aliishona."

Uwayezu aliishika, akaona matundu ya sindano yaliyopangana pembeni. Aliyafuata kwa kidole hadi mwisho, kisha akaiachia. Dancille alidhani ataondoka.

"Minajua kushona," msichana alisema. "Kambini tulifundishwa."

Dancille alitwaa kona ya bitana, akaiweka juu ya mdomo wake wa juu, akafumba macho.

"Imekauka," alisema, akaingia ndani kuleta sindano na kile kisahani cha nyuzi. "Fuata matundu yaleyale. Na hapa mshono uliporuka, na wewe ruka."