Sifuti, Bosi

Karani wa takwimu katika ofisi yetu ya wilaya ni mwanamke mwenye sauti ya chini na mwandiko wa duara, na hakuna awezaye kumharakisha. Huchonga penseli kwa wembe, hupuliza vumbi, ndipo huandika. Siku za sensa tulizunguka pamoja nyumba hadi nyumba. Mume akijibu, "Huyu mke wangu hana kazi, yupo tu nyumbani," karani alimgeukia mke mwenyewe: "Dada, jana tangu ulipoamka ulifanya nini?" Alisikiliza habari za kupalilia mihogo, kukamua ng'ombe na kupeleka maziwa sokoni, kisha akaandika: mkulima, mfugaji.

Fomu zilipomfikia mkuu wa idara, alituita sote wawili, akamwambia karani: "Bibie, wakulima wameongezeka karibu mara mbili! Makao makuu watatucheka. Wafute hawa akina mama, andika hawana kazi."

"Sifuti, bosi."

"Basi kazi utaiacha."

Karani hakupandisha sauti. Alipekua fomu taratibu, akilowesha kidole kwa ulimi, akachomoa moja na kuiweka mezani pamoja na kifutio. "Huyu amelima miaka arobaini, amesomesha watoto sita. Nilimkuta shambani, jembe mkononi. Ni mama yako mzazi, bosi. Mfute mwenyewe."

Mkuu aliisoma ile fomu hadi mstari wa mwisho. Kifutio hakukigusa. Akavuta muhuri, akaanza kugonga fomu moja moja, na ya kwanza ikawa ya mama yake.