Msimu Tuliomficha Mshambuliaji

Juzi nilienda Kitengela kumsaidia baba kuhamisha vitu kabla nyumba yetu ya zamani haijabomolewa. Ameamua, kama majirani wote, kwamba ploti ile sasa ijengwe ghorofa ya kupangisha. Tulianza na chumba cha nyuma. Tuliposukuma kabati la nyanya, lile zito ambalo hakuna aliyeligusa tangu alipofariki, nikaona ukutani alama ya mviringo, nyeusinyeusi, juu kidogo ya kichwa changu. Nilicheka. Baba hakucheka. Alisema anaenda nje kutafuta kamba ya kufungia magodoro, na kamba tulikuwa nayo pale pale miguuni.

Wewe unayeijua Kitengela ya leo, ya maduka na honi, huenda ukaniona mwongo nikikuambia tulivyoishi miaka ya tisini ikielekea kuisha. Mbele yetu ilikuwa barabara ya Namanga na malori yake. Nyuma yetu ilikuwa nyasi tu mpaka macho yachoke. Maji ya kisima yalikuwa na chumvi, chai yetu ikawa na ladha ambayo wageni waliinywa kwa adabu. Wakati wa kiangazi nyumbu walipita nyuma ya choo wakirudi mbugani kutafuta maji, na nyanya aliwafukuza kwa mwiko kama vile ni mbuzi wa jirani. Sisi watoto tulilala tukisikia kwato zao, tukaamka tukafagia vumbi la saruji lililoletwa na upepo kutoka Athi River. Hakuna hata moja kati ya hayo nililoliona kuwa zuri. Nilikuwa msichana wa darasa la tano, na kwangu mimi uzuri ulikuwa Nairobi.

Baba alikuwa karani katika kiwanda kimoja cha saruji huko Athi River, lakini roho yake ilikuwa kwenye timu ya kiwanda, ambako alikuwa katibu. Timu ile ilicheza ligi kuu na haikuwa na ofisi. Ofisi ilikuwa sebule yetu. Kombe walilowahi kushinda lilikaa kabatini pamoja na sahani za wageni, na kila Jumamosi mama alilipangusa pamoja nazo. Mwenyekiti alikuwa na kiti chake, kile chenye kitambaa kilichofumwa, na ole wake mtoto aliyekikalia. Kamati ilikutana hapo, ikanywa chai yetu ya chumvi, ikabishana nani aachwe na nani aletwe, na mimi niliyekuwa napitisha mkate nilijua zaidi habari za mabeki wa kushoto kuliko nilivyojua hesabu za mwalimu.

Baba ndiye aliyetumwa kutafuta vipaji. Krismasi ikikaribia alipanda basi kwenda Magharibi, kwenye mashindano ya vijijini ambako zawadi ni fahali na mashabiki wamejaa juu ya miti. Alikuwa na namna yake ya kutazama. "Mpira hata mtoto anaweza kuutazama," alituambia. "Mimi natazama mtu akinyang'anywa mpira anafanya nini." Aliyelalamika kwa refa alimfuta. Aliyesimama akajishika kiuno alimfuta. Aliyegeuka pale pale akaukimbilia mpira wake, huyo baba alimfuata mpaka kwao, akanywa uji na wazazi wake, akamwomba kwa heshima kama anayeposa.

Lakini kumpata mchezaji ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kumficha. Siku zile, kabla usajili haujafungwa, kijana aliyekubaliana nawe asubuhi angeweza kuwa wa timu nyingine ifikapo jioni. Kwa hivyo timu zote zilificha watu wao: kwa shangazi, kwa mchungaji, kwenye shamba la kahawa. Timu yetu ilificha Kitengela, kwa sababu nani angekuja kumtafuta mshambuliaji kwa nyumbu?

Huyo wetu aliletwa Jumapili asubuhi, majirani wakiwa kanisani. Alikuwa mrefu, akainama mlangoni hata pale ambapo hapakuwa na haja. Alibeba mfuko mmoja wa nailoni na viatu vya mpira vilivyofungwa kamba pamoja, vikining'inia shingoni. Baba alituambia hatutahitaji jina lake, tumwite Mgeni. Asitoke nje mchana. Asisimame dirishani. Tusilete rafiki yeyote nyumbani mpaka usajili ufungwe na jina la Mgeni liwe kwenye orodha ya timu. Kisha akamgeukia Mgeni akamwambia, "Kijana, vumilia tu. Ukitoka hapa unatoka ukiwa mchezaji wa ligi kuu."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ikafika, nyanya akamtazama Mgeni, akatazama jembe, akatikisa kichwa. Mtu asiyeruhusiwa kuonekana utampa jembe gani? Ndipo akaamua kumpa chakula. Asubuhi uji wa wimbi na maziwa, saa nne chapati, mchana muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, yenye maharagwe na mafuta mengi, jioni ndengu na chapati tena. Nyanya alizaliwa Ukambani kwenye miaka ya njaa, na kwake yeye upendo ulipimwa kwa sufuria. Mgeni akisema ameshiba, nyanya alikaa chini mbele yake akamngoja. "Kula, mwanangu. Mpira ni nguvu. Utakimbia na nini na hiyo mifupa?" Na Mgeni, aliyelelewa vizuri, alimwita kukhu, kama wanavyowaita nyanya zao huko kwao, akala.

Lakini chumba kile cha nyuma alichofichwa, rafiki yangu! Mabati juu bila dari, pazia la kahawia lililoshonewa mawe madogo chini lisipeperuke. Kufikia saa sita mchana humo ndani mtu aliiva kama kiazi. Tulizoea kunong'ona hata mezani. Rafiki zangu walipita na kamba za kuruka, wakaniita langoni, nikawajibu kupitia tundu la lango kwamba niko na kazi, mpaka wakaacha kuniita. Nyanya aliacha kuwakaribisha kina mama wa kanisa, akisema ana kifua. Nyumba nzima ilikuwa imefungwa pamoja na yule kijana, na nilimchukia kwa hilo mpaka siku nilipopeleka chai nikamkuta na mpira.

Ulikuwa mpira wa soksi, soksi za baba zilizotoboka, alizoshindilia nguo kuukuu na kuzifunga kwa uzi ili usipige kelele. Aliupiga kwa kichwa ukutani, ukarudi, akaupiga tena, mahali pale pale, polepole, macho wazi. Kuanzia siku hiyo nilishinda humo kila nikitoka shule. Alinifundisha kupiga kichwa bila kufumba macho. "Ukifumba, mpira unakuchagua. Ukifumbua, wewe ndio unachagua," alininong'oneza. Akichoka aliketi sakafuni akachungulia pembeni mwa pazia. Jirani mwenye zile nyasi za nyuma alikuwa ameweka ua mpya wa seng'enge mwaka ule, na nyumbu waliofika pale walisimama tu, wamekodoa macho, hawajui njia yao imekwenda wapi. Mgeni aliwatazama kwa muda mrefu sana. Aliniuliza kama wana njia nyingine. Nikamwambia sijui.

Jirani mwingine, mama aliyetuletea maziwa, ndiye wa kwanza kutushtukia. Nyanya alimsalimu kwa Kimaasai, "Takwenya," naye akaitikia, "Iko," kisha akaangalia chupa ya pili tuliyokuwa tumeongeza. "Nyinyi mko na mgonjwa?"

"Niko na minyoo, mama," nyanya akasema. "Inakunywa kunishinda."

"Hiyo minyoo yako inapiga ukuta kila asubuhi," akasema yule mama, akamimina maziwa, akaenda zake. Hakumwambia mtu. Siku iliyofuata aliongeza kikombe bila kuombwa.

Kisha wakaja wenyewe. Ilikuwa alasiri, mimi na Mgeni tuko chumbani, nyanya ameketi mlangoni anapeta maharagwe. Gari likasimama. Tukasikia wanaume wawili wakibisha hodi kwa sauti za watu wa mjini, kutoka ile timu kubwa ya Nairobi ambayo baba hakupenda hata kuitaja.

"Mama, tunatafuta kijana fulani mrefu. Anacheza mpira. Tumesikia ako hapa."

"Mrefu?" nyanya akajibu. "Hapa kitu mrefu ni hiyo mlingoti ya TV. Kama mnaitaka, pandeni mng'oe."

Walicheka, lakini hawakuondoka. Mmoja wao akapaza sauti, si kwa nyanya tena, bali kwa nyumba nzima. "Basi akipita hapa, mwambieni namba tisa bado iko yake. Hatujampatia mtu. Gari iko hapa nje."

Mgeni alikuwa amesimama, mkono kwenye komeo la mlango. Nataka ulijue hili: mlango ule haukuwa na kufuli. Komeo lilikuwa ndani, upande wake. Nilimwona akilivuta kidogo, likalia, akaliachia. Nje nyanya alikuwa ameanza kuwaimbia wale wanaume wimbo wa kanisa, wazi kabisa, kwa kifua kizima kile alichodai kinauma. Gari likawaka, likaondoka. Mgeni akaketi sakafuni.

"Mbona hukutoka?" nilimuuliza.

"Nimekula kwa kukhu siku zote hizi," akasema. "Nitatokaje?"

Usiku huo nyanya alimkaangia kuku. Alikuwa amefurahi kwelikweli, anasimulia mlingoti wake mara kwa mara, na sisi sote tukacheka kwa sauti ya chini. Alisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini kamba hukatwa, na ya huyu itakatwa wiki hiyo hiyo.

Siku chache kabla usajili haujafungwa, mwenyekiti na kocha walikuja kumtazama. Walimtoa uani, wakamwambia akimbie mpaka kwenye ua wa seng'enge na kurudi. Mgeni alitoka akikunja macho kwa jua. Shati lilikuwa limembana tumboni. Alikimbia, na hata mimi niliona. Miguu ilikuwa mizito, na aliporudi alikuwa anahema, mikono magotini. Kocha akarusha mpira wa kweli, Mgeni akaurukia akiwa amechelewa, ukampita juu ya kichwa. Aligeuka pale pale akaukimbilia, kama baba alivyompendea. Lakini hakuna aliyekuwa anatazama tena.

"Huyu mmemnenepesha kama fahali wa Krismasi," mwenyekiti akasema, akacheka, akaingia kunywa chai. Nyanya alikuwa mlangoni na sahani ya chapati. Alirudi nayo jikoni.

Ijumaa majina yalisomwa redioni. Tulikuwa tumeanika betri juani tangu asubuhi ili zisituangushe. Mtangazaji akasoma timu yetu, mmoja mmoja, mpaka akahamia nyingine. Jina la Mgeni halikuwemo. Kisha nyanya akajipiga paja akasema, "Ni chapati zangu. Mtoto wa watu nimemuua mimi." Mama akamwambia asiseme hivyo. Mgeni akamwambia, "Hapana, kukhu, chakula kilikuwa kizuri." Baba alikuwa anatazama redio.

Kesho yake Mgeni aliondoka, mchana, kupitia lango kubwa. Alifika barabarani akasimama, anatazama upande wa Nairobi, anatazama upande wa Kajiado, mfuko mkononi. Msimu ulikuwa umefungwa, hakuna timu ingemchukua, na kijijini kwao walikuwa wamechinja kumuaga. Nyanya alitoka na kanga yake begani, akamshika mkono, akasimama naye mpaka gari likapatikana. Sijui alienda wapi. Ule mpira wa soksi aliniachia, nami nikaupoteza kama watoto wanavyopoteza vitu.

Nyanya hakuwa yule tena jikoni. Aliendelea kupika, lakini mgeni akifika kwetu aliwekewa chapati moja, na kabla hajaimaliza nyanya alimwambia kwa upole, "Usishibe sana, mwanangu." Kanisani walimsema kuwa uzee umemfanya mchoyo. Alikata chapati nusu kwa nusu na kurudisha nusu kwenye sahani, na sisi sote tukaiga, mpaka ikawa desturi ya nyumba ambayo wakwe zetu wanaishangaa.

Sasa nyumbu hawapo. Pale walipokuwa wakisimama kuna duka la vifaa vya ujenzi. Kiwanda kiliacha kulipia timu na timu ikafa, kombe lake liko ndani ya katoni pamoja na sahani. Baba aliporudi na kamba yake ya pili, nilikuwa bado natazama ile alama. Nikamwambia, kwa utani tu, kwamba chapati za nyanya ziliangusha jeshi zima.

Alikaa juu ya godoro. "Hazikuwa chapati," akasema. "Washambuliaji tulikuwa nao tayari. Siku namtoa kwao, nafasi yake haikuwepo. Mwenyekiti alitaka tu wale wa Nairobi wasimpate."

"Nyanya alijua?"

"Aliniuliza hospitalini, kabla hajatuacha. Kama ni chapati. Nikamwacha aamini hivyo." Alikuwa anakunjakunja ile kamba. "Ningemwambia si chapati, angeniuliza kwa nini basi nilimleta."

Nilikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa makali. Nilitamani kumtikisa mabega. Lakini mama aliingia kutoka jikoni na chai na sahani ya chapati, akatutaka tule kabla mafundi wa kubomoa hawajafika. Baba alichukua chapati moja, akaikata katikati, akarudisha nusu.