Imesafishwa

Twalibu Majidi ananuka spiriti. Ukikaa naye chumba kimoja miaka sita kama mimi, unaacha kuisikia, lakini wateja huingia wakikunja pua. Chumba chetu kiko Isevya. Upande wa dirisha nachapa barua na kazi za wanachuo, na upande wa ukutani yeye anafufua kompyuta za mitumba. Namwandika kwa sababu namheshimu, na kwa sababu katika aibu iliyompata na mimi nina fungu langu.

Kwanza nimtendee haki. Hanunui mashine bila karatasi. Ukimletea laptopu isiyo na mwenyewe atakudai barua ya aliyekuuzia, na ukianza kujikuna kichwa atakuonyesha mlango. Betri iliyovimba haichokonoi, anaiweka nje kwenye ndoo ya mchanga. Nyaya hachomi ili apate shaba, kama wengine wanaotukohoza mtaa mzima. Programu za wizi haweki hata mteja amwite mshamba.

Ila ugonjwa wake ni usafi. Anapuliza vumbi kwa blowa, anapitisha mswaki katikati ya vitufe, anasugua kwa spiriti mpaka plastiki ya mwaka arobaini na saba inang'aa. Usafi huo ni wa kurithi. Marehemu baba yake alikuwa mwosha maiti, na watu walimtaka yeye kuliko wengine kwa sababu ya kinywa chake. Mwosha huona yote, kovu, kidonda, uvimbe ambao hata mke hakuujua. Watu wakimdadisi baada ya mazishi, mzee alikuwa na jibu moja tu: "Sikuona kitu." Twalibu alipenda kutusimulia habari hiyo kwa majivuno, mswaki mkononi.

Kila mashine iliyotoka kwake ilibandikwa kadi: IMESAFISHWA. Kadi hizo nilizichapa mimi, kwa herufi nene.

Mwaka juzi zahanati moja ya binafsi ilifungwa, ikamuuzia kompyuta tatu. Aliyezileta, pamoja na karatasi zake zote, ni muuguzi mstaafu aitwaye Bi Bernadeta. Aliuliza swali moja.

"Mwanangu, utazisafisha?"

"Mama, hiyo ndiyo kazi yangu. Utajiona uso wako humo."

Nilikuwepo, na nilicheka. Yule mama alikuwa anauliza habari za wagonjwa wake, Twalibu anamjibu habari za vumbi. Neno lilikuwa hilohilo moja, na hakuna aliyeshtuka. Twalibu alifuta vilivyoonekana mbele ya kioo, akabadili jina la mtumiaji, akaridhika. Sehemu ya pili ya diski hakuifungua kabisa. Programu ya kufuta diski nzima alikuwa nayo, lakini inakula saa nyingi, na yeye alikuwa na haraka ya kung'arisha vitufe.

Kompyuta moja ilinunuliwa na mwenye duka la vifaa vya ofisi Urambo. Miezi miwili baadaye mwanamke mmoja alishuka basi la asubuhi akaja mpaka kwetu. Nitamwita Pelagia.

"Karibu kiti, dada," Twalibu alisema.

Hakukaa. "Wewe ndiye uliyeisafisha kompyuta iliyokuja Urambo, ile ya zahanati?"

"Ndiyo mimi." Wallahi alijinyoosha, akidhani ameletewa sifa.

"Kadi yako nimeisoma. Jina langu lilikuwa humo, mimi na dawa ninazomeza."

Pelagia alikuwa anauza chakula karibu na kituo cha kununulia tumbaku. Mhudumu wa lile duka alifungua orodha ya wagonjwa iliyobaki kwenye diski, akamwita mwenzake, na kesho yake sufuria ya wali ilirudi nyumbani imejaa. Virusi havikai kwenye wali, kila mtu amefundishwa hivyo, lakini benchi lake lilibaki tupu.

"Hata mwanangu nilikuwa sijamwambia," alisema. "Ameambiwa shuleni."

Hakutukana. Angetukana tungepata pa kujificha. Mimi nilikodolea macho rundo la kadi mezani kwangu.

"Nisamehe, dada," Twalibu alisema. "Sheria ipo. Una haki ya kunishtaki."

"Nikishtaki si litasomwa tena jina langu mbele za watu?"

Kesho yake Twalibu alikwenda Urambo, akainunua upya ile kompyuta, akakaa dukani kutwa nzima akiifuta diski mbele ya mwenye duka. Mchana, programu ikiendelea, alitoka kidogo akaenda kula kwa Pelagia, benchi la mbele, mahali pa kuonekana. Akarudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine tena. Nilimsifu. Alinijibu kwamba anaona haya hata kusifiwa.

Jumamosi ya tatu Pelagia alimwekea sahani, akainama kama anayepangusa meza.

"Kaka, usije tena. Kila ukikaa hapa watu wanaulizana wewe ni nani, na habari inaanza upya."

Twalibu alimaliza wali wote, maana kuubakiza kungesemwa vingine. Aliporudi alibandua kadi zote, akaniomba nichape mpya: DISKI IMEFUTWA YOTE, na chini yake mahali pa tarehe na sahihi. Nilizichapa. Za zamani nilizitia moto mwenyewe.

Mimi mdomo wangu naujua. Jina la Pelagia nimelitunga, maana yule dada hakulitaja la kwake mbele yangu siku ile. Juzi nikamwuliza Twalibu, kwa udaku tu, hivi hasa anaitwa nani.

Hakuinua macho kutoka kwenye mashine.

"Sikuona kitu," alisema.

Alilitamka jibu hilo la baba yake polepole, macho chini, kama mtu aliyekutwa amevaa nguo isiyo yake. Kisha akauweka mswaki, akatoka nje.