Binti Aliyekataa Kutoa Nywila

Hospitali yetu ya Temeke ilitafuta mtu wa kulinda taarifa za wagonjwa kwenye kompyuta. Kwenye usaili bosi alikaa katikati, mie pembeni na karatasi ya alama.

Wa kwanza alikuwa binti wa chuo, wa hosteli za Mabibo. Alijibu kila swali, mengine hata mie sikuyajua. Mwishoni bosi akamwambia, "Mwanangu, hebu niandikie hapa nywila ya barua pepe yako."

"Samahani baba, hiyo simpi mtu," akasema taratibu.

Wa pili, kijana nadhifu, alimpa kila mmoja wetu shikamoo yake. Alipoombwa nywila, aliandika bila kuuliza.

"Huyu kalelewa," bosi akasema. "Yule binti ana kiburi."

Nilijua fika nani anaiweza kazi. Alama za binti nilizipunguza kwa mkono wangu mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha.

Miezi michache baadaye tapeli alimpigia kijana simu, akajifanya bosi, sauti nzito ya kizee. Kijana akamwamkia, akampa nywila ya mfumo mzima. Majibu ya vipimo vya wagonjwa yakasambaa kwenye simu za watu. Mama mmoja wa mtaani kwetu alihama na wanawe bila kuaga.

Kwenye kikao cha kumfukuza kijana, bosi alifoka, "Nani alikufundisha kumpa mtu nywila kwa sababu tu kakuomba?"

Kijana alituangalia mmoja mmoja, kisha akainamisha kichwa kwa adabu ileile.

Mie ndiye niliyeandika muhtasari. Niliandika: hakuwa na jibu.