Moto wa Kalunde

Katika makazi mapya yaliyo kusini ya Kaliua kuna nyumba moja isiyotoa moto. Jirani akija na kigae kuomba kaa, mwenye nyumba, shemeji yangu Kalunde, humwambia aende kwingine, hata kama nyuma yake jiko linaonekana likiwaka. Amefanya hivyo tangu mwanzo wa kiangazi, mumewe, kaka yangu Maganga, alipoingia porini kurina asali. Nilipofika huko mvua zilikuwa karibu kuanza, na warina asali wote wa makazi yale walikuwa wamekwisha kurudi, isipokuwa yeye.

Sikwenda kule kwa ajili ya moto. Nilikwenda kutazama mahali pa kuhamia.

Mimi ni fundi cherehani wa Tabora. Mimi, mke wangu Mwajuma na watoto wetu tunakaa Cheyo, chumba kimoja katika nyumba ya ua mmoja na wapangaji wengi. Siku katika nyumba ile huanza kwa ugomvi wa ndoo na kwisha kwa ugomvi wa kamba ya kuanikia nguo. Kila mwaka, kiangazi kikikolea, Maganga alikuja kutuletea kilindo cha asali, kasha lile la gome la mti, akaketi uani akitazama watu wakisukumana, akacheka.

"Mdogo wangu, huku hata kukohoa mnapeana zamu! Njooni kwangu. Ukitoka mlangoni, pua inakoelekea ndiko njia."

Mwajuma ndiye aliyeyashika maneno yale. Akichambua mchele alikuwa akijenga nyumba: hapa jiko, pale mbuzi, kule shamba la maboga. Mimi nikishona kaptula za makarani nilijiona nimebeba mzinga begani, nimeshika njia bila kumuaga mtu.

"Wewe unayekimbia nyigu, utaweza nyuki?" nilimtania.

"Nyigu wa mjini hawana adabu," alisema. "Wa porini tutazoeana."

Mwaka huu kilindo hakikuja. Tulingoja mpaka majani ya miembe uani yakajaa vumbi, kimya. Mwajuma akasema, "Nenda ukaone. Kama ni pazuri, tuhame tuwahi kulima. Kama si pazuri, usinidanganye." Akanifungia mbegu za maboga kwenye pembe ya kanga kuukuu, shemeji azipande kwa niaba yetu.

Treni ya Kigoma iliondoka Tabora asubuhi, na nje ya mji pori likaanza mara moja. Miti ilikuwa imepukutika, ardhi nyeusi kwa moto wa kiangazi, moshi umetanda mpaka jua likawa kama sarafu ya shaba. Abiria mwenzangu alifunga dirisha. "Unakwenda Kaliua kutembea au kwa msiba?" aliniuliza. Nikamwambia kutembea. Akanitazama nguo.

Kaliua nilishuka mchana. Pale stesheni nilimkuta Kasele, rafiki wa Maganga wa miaka mingi. Kila msimu walipiga kambi moja porini. Nilimjua kwa sababu aliwahi kufuatana na kaka yangu mpaka kwetu. Aliponiona hakukimbilia mkono wangu kama zamani.

"Mwangaluka, fundi," alinisalimu kwa Kinyamwezi. "Umekuja."

"Nimekuja. Kaka hajambo?"

"Shemeji yako hajambo," alijibu, akatwaa mzigo wangu akatangulia.

Kutoka Kaliua tulifuata njia ya zamani ya misafara. Sasa imebaki kijia tu, lakini pembeni bado yapo mafiga ya mawe meusi walipopikia wapagazi. Babu yetu alikuwa mmoja wao. Alibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe mpaka pwani. Tulipokuwa wadogo tulisimuliwa kwamba wakati wote akiwa safarini, bibi hakutoa moto nje ya nyumba. Mume akiwa njiani moto wake hukaa kwake. Ukitoka mlangoni mikononi mwa mtu, mwenyewe hupotea. Warina asali nao wameurithi mwiko huo, nao wana sababu yao: moshi ndio ngao ya mtu mbele ya nyuki, na moto uliogawiwa nyumbani humsaliti porini.

Nilimweleza Kasele hayo ili tupate mazungumzo. Mbung'o walitufuata wakituuma hata juu ya shati, naye aliwapiga kwa tawi bila kugeuka.

Jioni tulifika kijijini kwa Maganga. Nilikijua, nilikwisha kufika mara moja. Kuta zilikuwepo, paa zilikuwepo, lakini nyumba zote hazikuwa na milango. Watu walikuwa wameing'oa wakaondoka nayo. Ndani ya nyumba ya kaka yangu mchwa walikuwa wamepanda ukutani kufikia kimo cha kiuno changu. Hapa ndipo Mwajuma alipopanga jiko na mbuzi.

"Malale," Kasele alisema. "Bwana Shauri wa wilaya aliamuru wote tuhame kwa sababu ya mbung'o. Kule tumefyekewa uwanja, tumepangwa mistari. Watu wanahamishika, fundi. Mizinga je?"

Kesho yake tulifika makazini. Nyumba zilikaa kwa mstari, mlango kwa mlango, hakuna mti hata mmoja. Kisimani kulikuwa na foleni, na katika foleni kulikuwa na ugomvi wa ndoo. Nilisimama nikausikiliza. Ulikuwa ugomvi wetu wa Cheyo, kwa Kinyamwezi.

Kalunde alinipokea kwa magoti. Alikuwa amekonda, lakini nyumba ilifagiwa na jiko lilikuwa na moto mzuri. Kabla sijaonja maji, mwanamke wa nyumba ya pili alisimama mlangoni na kigae.

"Mke wa nyuki, hodi! Leo una mgeni, utaona haya. Nipe kaa."

"Nenda kwa mwenye kiberiti, mwenzangu."

"Mume hayupo, moto unamwekea nani? Au unamkaanga?"

"Namwekea mwenyewe."

Yule akacheka, lakini hakuondoka upesi. Alinitazama mimi, akamtazama Kasele, kisha akashusha kigae chake akaenda zake taratibu. Kalunde akamgeukia Kasele.

"Mwambie ndugu yake. Mimi nimechoka kusikia."

Kasele alisema akiwa ametazama mlango. Walikuwa wamepewa ruhusa ya kuingia porini kwa msimu mmoja. Kambini Maganga alianza kusinzia mchana, hata kijiko mkononi. Shingoni alikuwa na vivimbe, akavificha kwa kitambaa. Walimsihi watoke naye, akakataa. Alijua dresa, yule mganga msaidizi wa makazini, huwapapasa shingo wote wanaotoka porini, na mwenye vivimbe hupelekwa kambi ya wagonjwa.

"Alisema, 'Nimehamishwa mara moja, yatosha. Niacheni nilale kidogo, nitawafuata.' Tulimwachia unga na maji. Tukatoa habari. Tukarudi na watu kumchukua. Majivu yalikuwa baridi. Unga haupo. Shoka lake halipo. Mizinga ya karibu ilikuwa imerinwa vizuri, kwa mkono wa mzoefu. Yeye hayupo."

"Mliita?"

"Tuliita mpaka tukasikia aibu."

Kalunde alisukuma kuni jikoni. "Mnasikia? Unga haupo na shoka halipo. Maiti haibebi shoka." Dresa amekwisha kumwambia avae kaniki ya msiba, ndugu zake wamemwambia agawe moto ili matanga yaanze. Ndipo nilipoelewa: siku atakapompa jirani kaa moja, kaka yangu atakuwa amekufa.

Nilimpa zile mbegu. Alizihesabu kwa kidole, akazitia ndani ya kilindo kitupu cha asali, akafunika. "Nitazipanda akirudi. Mwambie Mwajuma udongo wa hapa haujanizoea."

Siku ya kurudi Kasele alinisindikiza hadi kijiji kile kisicho na milango, akaniaga hapo. Nilitembea peke yangu sehemu iliyobaki. Mara mbili nilisikia shoka mbali ndani ya pori. Mara zote mbili niliita, likanyamaza. Huenda alikuwa ndege kigong'ota akidonoa mti.

Tabora nilifika mvua ya kwanza ikidondoka. Mwajuma alinitua mzigo, akaniketisha, akabandika sufuria ya chai. "Haya. Usinidanganye."

Nilimweleza yote, tangu dirisha la treni mpaka shoka. Hakulia wala hakuuliza habari ya mbuzi. Aliuliza jambo moja tu: kama Maganga alikuwa na blanketi.

Nilichojifunza katika safari hii ni kidogo. Mahali pale tulipopaota hapapo tena, na aliyetualika huenda ndiye mtu pekee aliyekataa kupaacha.

Asubuhi iliyofuata mpangaji wa chumba cha mbele alikuja na kigae, kama afanyavyo kila siku, na kama Mwajuma alivyompa kila siku.

"Mama, kaa moja tu."

Sufuria ilikuwa inachemka mbele yetu sote.

"Leo moto wetu umezimika, shoga," Mwajuma alisema.

Mvua sasa zimeshika. Sijapata habari yoyote kutoka Kaliua, na katika ua wetu watu wameacha kutuomba moto.